Namba Saba Haina Lebo

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu nyingi kutoka huku niliko. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake utaisoma hapa chini. Baba hajambo? Mgongo wake vipi, au bado anabeba spika peke yake kama kijana anayetafuta mchumba? Na mama, miguu imepoa? Waambie nawaamkia. Waambie sasa hivi kabla hujaendelea, maana ukishajua habari yenyewe utasahau.

Haya, kaa chini. Kampuni imenipa albamu. Albamu ya miksi, yangu peke yangu, itakayouzwa madukani ikiwa na kava lenye picha yangu nimekunja mikono. Mimi, niliyeanza kwa kukunja waya wa baba!

Unajua miksi za kuuza zinavyokwenda. Nyimbo kumi na nne zinaingiana bila kituo, nyingi ni za watu wanaopendwa, na kampuni inahangaika kumbembeleza kila mwenye wimbo atoe ruhusa. Halafu katikati dijei anapenyeza za kwake. Kila dijei anafanya hivyo na si aibu. Mtu ananunua kwa sababu ya nyimbo anazozijua, akifika nyumbani anajikuta anapiga mluzi wa ule asioujua. Hapo ndipo jina linapopatikana. Safari hii meneja ameona jambo hilo liwe ndilo tangazo lenyewe, na albamu itaitwa Kwa Mikono Yangu. Za kwangu ni tatu: ya nne, ya saba na ya kumi na mbili. Nimetia sahihi kwamba hizo tatu ni kazi yangu mwenyewe.

Ya saba ndiyo roho ya albamu. Sita za mwanzo ni za mwendo wa taratibu, saba za mwisho ni za kukimbiza watu, na hiyo moja ndiyo inayowavusha bila wao kujua wamevuka. Ukiitoa, albamu inakatika vipande viwili. Na unajua nimeipata wapi? Kwenye sanduku langu la diski, chini kabisa, haina maandishi wala alama. Sheria ya baba! Unakumbuka tulivyoloweka santuri kwenye beseni la maji ya moto tukabandua lebo kwa wembe, ili madijei wa mtaa wa pili wakichungulia wasijue tunapiga nini? Na diski za kurekodi wenyewe, marufuku kuziandika. Basi sheria hiyo imenificha hata mimi. Nilikuwa nimeusahau kabisa wimbo huu. Nilipouweka nikasema, kumbe nilikuwa na akili tangu zamani.

Nimekuwekea nakala ya majaribio humu. Usimpe mtu. Inatoka mwisho wa Aprili, na wewe ndiwe wa kwanza kuisikia baada ya meneja.

Kaka yako,
Dijei Kishindo (kwako kaka tu)


Tarehe 12 Februari

Shikamoo kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na usingizi umerudi. Sisi hapa hatujambo. Baba mgongo unamsumbua asubuhi, ikifika saa nne amesahau kwamba unauma. Mama miguu imepungua kuvimba. Nilipowasomea habari yako mama alipiga vigelegele mpaka mteja aliyekuja kukodi maikrofoni akauliza harusi ni ya nani. Baba naye? Alichukua kitambaa akaanza kufuta spika ambazo zilikuwa safi. Unamjua.

Hongera, kaka. Nasema kutoka moyoni, na naomba ulikumbuke neno hilo ukifika kwenye haya yanayofuata.

Nilikaa chumba cha nyuma juu ya lile boksi la spika lililopasuka, nikavaa hedifoni. Mpaka namba sita nilikuwa nacheza peke yangu. Ulivyoitoa ya tano na kuingiza ya sita ni ufundi mtupu. Halafu ikaja namba saba, nikavua hedifoni nikazitazama kama zimenitukana.

Kaka, namba saba ni wimbo wangu.

Sikulaumu. Nadhani umekosea tu, na diski zisizo na lebo zinaweza kumkosesha yeyote. Umeongeza besi chini, nimeisikia, lakini wimbo ni wangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na kosa hili lisingeweza kuja wakati mbaya kuliko huu. Yule prodyuza mwenye studio juu ya duka la rangi ameukubali. Atauingiza kwenye albamu yake ya watengenezaji wapya, inatoka Mei. Itakuwa mara ya kwanza jina langu kuandikwa mahali. Kwenye mabango ya sherehe zote nilizopiga muziki mimi ni "dada yake Kishindo", na mara moja niliandikwa "binti wa mzee wa spika", kama vile nami nakodishwa.

Yako ikitoka Aprili na wangu Mei, nani ataamini kwamba mimi ndiye mwenyewe? Nakuomba, mwambie meneja autoe, au auandike kwa jina langu. Baba na mama sijawaambia. Simu ya dukani kila mtu anasikiliza, ndiyo maana naandika.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Salamu sana. Mimi sijambo, na barua yako imenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa tuseme kweli. Wimbo huo umejengwa kwa sauti ya mlango wa duka la baba, ule wa chuma wa kuvuta chini. Mlango ule niliurekodi mimi. Jioni moja kabla sijaondoka niliweka kinasa sauti juu ya kiti, nikauvuta mara tano. Wewe ulikuwa umesimama pale ukinishikia waya, na ukauachia mara mbili. Nakumbuka kama jana. Sasa mshika waya amekuwa mwenye wimbo?

Sanduku ni langu, diski ilikuwa ndani ya sanduku langu, na mkono ninausikia kabisa kuwa ni wangu. Labda na wewe ulitengeneza wa kufanana na huu. Si ajabu, mimi ndiye niliyekufundisha. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini usiniletee maneno ya kutoa wimbo. Kutoa namba saba ni kutoa kila kitu, na meneja hana subira, ana madijei wengine kumi wamepanga foleni mlangoni kwake. Mwambie prodyuza wako utampa mwingine.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nakutania, lakini pia sikutanii.

Wasalimie wazee. Mwambie mama nimeonana na yule binamu yake, ananenepa.

Kaka yako


Tarehe 1 Machi

Shikamoo kaka,

Hatujambo. Mama anashukuru kwa salamu za binamu yake, anasema ukoo wao wote hunenepa wakitoka nyumbani.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ulivyotaka. Sikubishii kwamba uliurekodi mlango. Ni kweli, na waya niliuachia kweli. Lakini mlango uliourekodi wewe ulikuwa unashuka moja kwa moja: krrrr mpaka chini, halafu pa. Basi. Mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka, lori la mchanga lilirudi nyuma likaukunja. Fundi wa kuchomelea aliunyoosha akatia kipande cha bati katikati. Tangu siku hiyo ukiuvuta unakwama nusu. Lazima uupige kwa kiganja mara mbili ndipo umalizie. Krrr, tak-tak, krrr, pa.

Sasa sikiliza namba saba. Biti yote imekaa juu ya pale mlango unapokwama. Zile tak-tak mbili ni kiganja changu, na ukisikiliza ya pili kuna kitu kinalia kama kengele ndogo. Ni pete ya shaba ya mama, niliyokuwa nimeivaa. Hujarudi nyumbani tangu lori lile, kaka. Mlango huo hujawahi kuusikia kwa masikio yako.

Unauliza diski ilifikaje kwenye sanduku lako? Niliituma mimi. Unalikumbuka sweta la kijani alilofuma mama? Diski ilikuwa ndani ya sweta, pamoja na kikaratasi: "Kaka, nimetengeneza huu. Unaonaje?" Diski sikuiandika kitu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Ukajibu kwamba sweta limefika ila linakubana kwapani. Kuhusu wimbo hukusema neno. Nilisubiri. Kila dereva wa basi aliyeleta barua nilimkimbilia. Baadaye nikaamua kwamba wimbo ni mbaya na wewe hutaki kuniumiza, nikauweka kabatini, na kwa muda mrefu sikutengeneza kitu kingine. Nilikuwa nakunja waya tu.

Sasa nimepata jibu langu: litauzwa madukani, na picha yako umekunja mikono.

Naomba unijibu haraka.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wazazi wazima. Hujajibu, na kila nikisema labda barua imepotea namkuta dereva niliyempa, ananiapia kwamba alikukabidhi mkononi.

Juzi tangazo la albamu yako lilianza redioni. Wamelijenga juu ya namba saba. Baba alikuwa anachomelea waya wa amplifaya. Ulipopigwa ule mkwamo, tak-tak, aliweka chini kifaa cha kuchomelea kikaunguza kitambaa cha meza. "Huo mlango wangu!" akasema. "Huo si mlango wangu?" Halafu mtangazaji akalitaja jina lako, na baba akakaa. Alilia, kaka. Sijawahi kumwona akilia, hata bibi alipofariki. Akasema, "Kumbe mwanangu hajasahau nyumbani." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika waya, kama ulivyonieleza.

Ningemwambia nini? Nilitoka nje nikaenda kuosha uso.

Sasa kila mteja anasimuliwa. Baba huwaita watu wa duka la jirani, huwavutia mlango ukwame, huupiga, halafu huwauliza: "Mmesikia? Mmeusikia redioni?" Anafungua na kufunga duka mchana kweupe. Watu wanadhani tunafilisika.

Na prodyuza naye alilisikia tangazo, akapiga simu dukani. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi: "Binti, mimi sitoi wimbo wa mtu. Kaka yako anajua kama unautumia?" Nilimwambia ni wangu. Akasema nimpigie siku nyingine nikiwa na mwingine. Yule fundi wake wa mitambo, anayeniita shemeji bila sababu, nilimsikia akicheka kwa nyuma.

Kaka, ulinyamaza mara ya kwanza nikaona ni huruma. Mara hii nione ni nini?

Mdogo wako


Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini mu wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta pa kutokea. Barua yako ya Machi ilinifikia kweli, dereva si mwongo. Siku hiyo hiyo nilivaa hedifoni nikasikiliza. Nilisikiliza ile tak ya pili mpaka nikaisikia pete. Nikatafuta mkanda wangu wa zamani wa mlango nikauweka. Krrrr, pa. Hauna mkwamo. Nikabaki nimeketi kitandani na hedifoni shingoni.

Kikaratasi chako nilikisoma wakati ule, naapa. Nilisema nitausikiliza wimbo kesho. Nikaitupia diski sandukuni, na unajua kesho za mtu anayezunguka na sanduku. Miaka ikapita. Nilipoikuta haikuwa na jina, na niliyoyasikia yalikuwa nyumbani, mlango, kila kitu. Nikajua ni yangu. Sikuiba, Sindano. Naomba angalau hilo uliamini.

Lakini sasa nisikilize kama mdogo wangu, usinisikilize kama hakimu. Nimetia sahihi. Wakijua nilitia sahihi kwenye kitu kisicho changu, si albamu hii tu, hakuna kampuni itakayonifungulia mlango tena. Kava limechapishwa. Tangazo linapigwa. Wewe una umri wa kutengeneza nyimbo mia. Mimi naikaribia arobaini, na madijei wanaonifuata wananiita mzee kwa heshima, heshima ambayo siipendi. Hii ndiyo nafasi yangu, sioni nyingine nyuma yake.

Nimezungumza na mpiga chapa. Ndani ya kava pana nafasi kidogo. Naweza kuweka: "Shukrani kwa mdogo wangu Sindano kwa msaada wake." Jina lako litaandikwa, kama ulivyotaka. Nani alikufundisha kuhesabu nne za biti? Nani alikusimamisha kwenye kreti la soda ili ufikie mashine? Sikukumbushi ili nikusimange. Nakuomba tu uniachie huu mmoja. Na baba amefurahi. Kwa nini tumwondolee?

Kaka yako anayekupenda


Tarehe 10 Aprili

Kaka,

Nyumbani ni wazima.

Msaada. Nimelitazama neno hilo tangu asubuhi. Nilikusaidia nini? Nilikusaidia kutengeneza wimbo wakati wewe hukuwepo?

Naamini hukuiba. Niliamini hata kabla hujaapa. Lakini ile ilikuwa Februari. Tangu uliposikia pete na ukakaa kimya, kila siku tangazo linapopigwa ni wewe unayechukua, tena ukiwa macho. Ulinifundisha kuhesabu nne, kweli, na kreti la soda nalikumbuka, lilikuwa na msumari ulionichoma. Nilikuheshimu na bado nakuheshimu. Heshima si utumwa, kaka.

Na usimwingize baba. Hukuona uso wake. Mimi niliuona, na furaha ile ilikuwa yangu, nikaitazama ikienda kwako huku nimeshika waya. Sijawahi kumsikia baba akiniambia neno kuhusu kazi yangu zaidi ya "punguza". Ungekuwa wewe, ungeniachia?

Nimeiandikia kampuni barua. Nimeeleza mlango, lori, bati, pete, na kumtaja fundi wa kuchomelea ambaye bado yupo na anakumbuka. Iko juu ya spika ya dirishani, imefungwa. Jumatatu naipeleka posta. Nakuambia mapema kwa sababu sitaki ulisikie kwa mgeni.

Mama ananiona siongei. Ameniuliza kama nina mimba.

Mwenye wimbo,
Sindano


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii na kifurushi hiki vimewakuta wazima, baba na mgongo wake, mama na miguu yake, na wewe na hasira zako ambazo sina haki ya kuziulizia.

Kama uliituma ile barua, basi ilikuwa bado njiani, maana nilipoingia ofisini kwa meneja hakuna aliyekuwa anajua lolote. Nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa na barua yako mfukoni, ile ya msumari. Nilikuwa nimesahau kuhusu msumari.

Meneja alikuwa anakula karanga. Nikamwambia namba saba si wimbo wangu, itoke.

"Unamaanisha nini si wako?"

"Ni wa mdogo wangu. Nilikosea diski. Haikuwa na lebo."

"Wewe ni mtu mzima, unaniambia hujui ulichokitengeneza?"

"Ndiyo."

"Basi alete sahihi yake, wimbo utabaki hapo hapo. Nani atajua?"

"Bila jina lake?"

"Albamu inaitwa Kwa Mikono Yangu, bwana! Niandike mikono ya ukoo mzima?"

Nikasema basi itoke. Aliweka karanga chini. Sitakuandikia yote aliyosema, mama asije akayasoma. Kwa ufupi, maonyesho yote ya uzinduzi amepewa dijei mwingine, kijana mmoja mwenye miwani. Tangazo la redio limesimamishwa. Albamu yenyewe hawakuitupa kwa sababu walishaigharamia, lakini nilitakiwa nizibe lile pengo kabla ya wiki kwisha. Na makava yaliyochapishwa hayachapishwi tena kwa ajili yangu. "Ukitaka jina la wimbo libadilike," akasema, "bandika mwenyewe."

Basi nimebandika. Nilipewa ghala, meza, maboksi ya kava yaliyonifika kifuani na mafungu ya vikaratasi. Kava moja moja, juu ya namba saba. Vidole vilishikana kwa gundi hata kushika kijiko ikawa shida. Mlinzi wa ghala aliona picha yangu kwenye kava, akanitazama mimi, akatazama tena kava, kisha akaniletea chai bila kuuliza. Nilikuwa nacheka peke yangu. Utoto wetu wote tulikuwa tunabandua lebo, na uzee wangu naumaliza kwa kubandika.

Nimempigia prodyuza wako pia. Nilimweleza kila kitu, mpaka sweta. Aliuliza maswali mengi kama polisi. Mwisho akasema umpelekee.

Ndani ya kifurushi kuna vitu viwili. Cha kwanza ni albamu. Namba saba mpya niliitengeneza kwa siku mbili, na hii ni yangu kweli, hakuna mtu mwingine atakayeidai. Cha pili ni diski yako. Nimeibandikia lebo, lebo ya kweli ya kuchapa, nilimlipa mtu wa kava anifanyie. Nilitaka kuiandika kwa mkono nikaona hapana.

Uliniuliza swali, nikachelewa. Uliniuliza, unaonaje? Naona hivi: niliusikia nikatamani uwe wangu, na tamaa ikanitosha kuamini. Ni mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Ningekuambia hivyo siku ile ile kama ningeusikiliza, na labda kabatini usingeingia. Samahani, Sindano. Nimeona aibu sana.

Na wewe sasa nikuulize. Namba saba yangu mpya. Unaonaje?

Kaka yako


Tarehe 9 Mei

Shikamoo kaka yangu,

Natumaini hujambo na vidole vimeachana. Sisi hapa ni wazima. Nakujibu leo leo kifurushi kilipofika, maana najua kusubiri kulivyo.

Namba saba mpya ni mbovu. Besi imejaa kama tumbo la mgeni wa harusi, na pale unapotaka kuvusha watu kwenda mwendo wa kasi unawasukuma, wanajikwaa. Kila mtu atakayenunua atasikia kwamba hapo katikati pana kitu hakikukaa sawa. Nimeusikiliza mara nne. Nitausikiliza tena jioni. Ni wako, nimeujua kwa besi hiyo hata kabla hujaingiza ngoma.

Barua ya kampuni sikuituma. Jumatatu ilifika nikasema Jumanne, na nilijichukia kwa hilo. Bado iko juu ya spika, mama anaiwekea kikombe cha chai, ina duara.

Baba nimemwambia. Ilibidi. Nilianzia kwenye sweta nikamaliza kwa mlinzi wa ghala. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Nilidhani atakasirika na wewe, kisha nikadhani atakasirika na mimi. Alisimama akaenda kuuvuta mlango, ukakwama, akanitazama. Nikaenda nikaupiga kwa kiganja, mara mbili. Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe ni wewe," akasema, kisha akaenda dukani kwa jirani, na kupitia ukuta nilimsikia akianza hadithi upya tangu mwanzo, kwa sauti ya kuwashinda wote.

Aliporudi alitaka kuiona diski. Alivaa miwani ya kuchomelea, ile nyingine haionekani, akaisogeza dirishani, akaisoma lebo polepole, jina langu, kwa sauti. Halafu akaipitisha kucha pembeni ya lebo, unaijua ile kucha, aliyokuwa akitafutia mahali pa kuanzia kabla ya kushika wembe. Nikasogea karibu, kaka. Nikajua ni mazoea, sasa ataagiza beseni.

Akaniwekea diski mkononi.

"Hii," akasema, "asiibandue mtu."

Mdogo wako,
Sindano